Kuchonga Kioo cha Volkano na Gumegume: Mwongozo Kamili kwa Anayeanzia Dar es Salaam

Mtu anayeishi Dar es Salaam akitaka kujifunza kuchonga zana za mawe hukutana na kikwazo kabla hajashika nyundo, kwa sababu mji wetu umekaa juu ya mchanga, udongo na mawe ya matumbawe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopasuka kwa namna inayotakiwa. Kioo cha volkano, ambacho wanajiolojia hukiita obsidiani, hutokea pale lava yenye silika nyingi (madini yaleyale yanayounda mchanga mweupe) inapopoa upesi mno kiasi kwamba fuwele hazipati nafasi ya kuota. Gumegume, jiwe gumu ambalo Waingereza huliita flint, nalo hujikusanya kwa mabonge ndani ya miamba ya chokaa laini nyeupe, kama ile ya Uingereza, Ufaransa na Denmark. Pwani yetu haina volkano wala chokaa ya aina hiyo. Hata hivyo, nyuma ya kila baa ya mjini kuna kioo kinachopasuka sawasawa na obsidiani, nacho hutupwa kila siku. Ninazungumzia kitako cha chupa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu imejengwa juu yake.

Kwanza ielewe mpasuko wenyewe, kwa maana asiyeuelewa atavunja chupa mia moja bila kupata kisu kimoja. Tazama kioo cha dirisha kilichopigwa kijiwe cha manati. Upande uliopigwa huwa na tundu dogo, na upande wa pili huwa na shimo pana, kana kwamba pia ya kioo, yaani umbo kama koni, imeng'olewa kutoka ndani. Kioo hakina nyuzi kama mbao wala tabaka kama jiwe linalobanduka kama karatasi, kwa hiyo nguvu inayoingia mahali padogo husambaa sawasawa pande zote na kuchora umbo hilo la pia. Ukilielekeza pigo hilo kwenye ukingo badala ya katikati, pia haipati nafasi ya kukamilika. Kipande chake tu ndicho kinachobanduka, chembamba na kikali, chenye mawimbi madogo yanayofanana na yale ya ganda la kome. Kipande hicho nitakiita kibanzi, na alama kinayoiacha nitaiita kovu. Uchongaji wote ni kuamua kibanzi kitoke wapi na kiishie wapi.

Obsidiani ina silika kwa kiasi cha asilimia 70 hadi 75 hivi, na kioo cha chupa hakiko mbali na hapo, ila kiwandani huongezewa soda ili kiyeyuke kwa joto dogo zaidi, na chokaa ili kiwe imara. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, vyote viwili viko kwenye 5 na nusu hivi, ilhali gumegume linakaribia 7. Kwa hiyo anayejifunza kwa chupa hajifunzi mchezo wa kuigiza. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi aliyejitokeza mjini Oroville, California, mwaka 1911 na kuishi katika jumba la makumbusho la San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916, alichonga vichwa vya mishale vya ajabu kwa kioo cha chupa. Huko kaskazini-magharibi mwa Australia, katika eneo la Kimberley, wenyeji walifanya hivyo hivyo kwa chupa na hata kwa vikombe vya kaure vya nguzo za simu.

Kabla ya kugusa kioo

Nenda kwanza Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ukatazame zana za mawe kwa utulivu. Usitazame umbo la jumla tu. Inama uhesabu makovu, uone yalivyopandana, na ujiulize lipi lilitangulia. Zana za kale kabisa za Oldupai, zenye umri wa miaka milioni 2 hivi, zina makovu machache makubwa yaliyotolewa kwa jiwe juu ya jiwe. Mashoka ya mkono ya Isimila, karibu na Iringa, yamechongwa pande zote mbili, na baadhi yake ni makubwa kuliko kiganja na vidole kwa pamoja. Ukienda kaskazini zaidi, pango la Mumba karibu na Ziwa Eyasi limetoa vipande vya obsidiani ambavyo kemia yake inaonyesha vilitoka upande wa Naivasha, Kenya, zaidi ya kilometa 200 kutoka hapo. Kuna watu waliobeba kioo umbali huo wote kwa miguu, makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, ingawa mawe ya kwatzi yalikuwa yametapakaa chini ya nyayo zao. Ninapookota kitako cha chupa nyuma ya baa huwakumbuka watu hao.

Sasa usalama, na hapa sitapita haraka. Vibanzi vya kioo huruka, kwa hiyo miwani ya kinga ya mafundi kuchomelea, ile isiyo ya giza, ni ya lazima tangu pigo la kwanza hadi umekunja turubai. Viatu viwe vya kufunika mguu mzima. Mimi nilivaa ndala siku za mwanzo, na kibanzi kilichokwepa ufagio kiliniingia unyayoni siku tatu baada ya kazi, nikakaa na kidonda wiki mbili. Tandika turubai pana au mkeka wa plastiki uwanjani, mbali na njia ya watoto na kuku, na ukae juu ya kigoda ili mapaja yawe meza yako. Usifanye kazi hii sebuleni hata kama mvua inanyesha.

Vumbi ndilo adui asiyeonekana. Vumbi la gumegume na la kwatzi lina silika ya fuwele, ambayo ikiingia mapafuni haitoki tena, nayo huyakakamaza mapafu polepole. Katika mji wa Brandon, Uingereza, ambako mafundi walichonga mawe ya bunduki za gumegume kwa vizazi vingi na kuyauza hadi Afrika, wengi walikufa kwa maradhi ya mapafu. Vumbi la chupa lina hatari ndogo kuliko hilo, lakini halifai kuvutwa. Kwa hiyo kaa mahali penye upepo, upepo ukupige ubavuni, vaa barakoa ya kuzuia vumbi (si ya kitambaa), na kila unaposugua ukingo hakikisha jiwe lako limelowa maji.

Vifaa na mahali pa kuvipata

Chombo kikuu ni kijiti chenye ncha ya shaba nyekundu, ambacho nitakiita kibanduzi. Shaba nyekundu ni laini kuliko kioo, na ulaini huo ndio faida yake: ncha huung'ang'ania ukingo bila kuteleza, ilhali chuma kigumu huusaga. Nunua waya mzito wa shaba, wenye unene wa milimita 4 hadi 6, katika duka la vifaa vya umeme la Kariakoo. Usinunue shaba kwa wauza vyuma chakavu, maana mara nyingi huwezi kujua iling'olewa wapi. Urefu wa sentimita 8 unatosha. Toboa mpini wa mti mgumu wenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, ingiza waya ubaki umetokeza sentimita 2, kisha inoe ncha kwa tupa iwe kama ya penseli iliyotumika kidogo.

Kwa mpini na kwa nyundo laini, nenda kwa wachongaji wa vinyago Mwenge ukaombe mabaki ya mpingo. Wazungu hutumia pembe za kulungu wa kwao kama nyundo laini, lakini kwetu pembe za wanyamapori ni nyara za Serikali, na mtu asije akajiingiza matatani kwa ajili ya nyundo. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na gogo lake la urefu wa sentimita 25 linafanya kazi hiyo vizuri.

Unahitaji pia kipande cha ngozi nene cha kufunika kiganja kizima. Kikikosekana, kata mpira wa tairi kama ule wa makubazi. Tafuta kipande cha jiwe la grinda lililochakaa kwa kusugulia ukingo, plaizi, nyundo ndogo, salfeti kuukuu na msumari wa inchi tatu.

Kuhusu kioo, chagua chupa ya kahawia au kijani, kwa sababu makovu huonekana wazi kuliko kwenye kioo cheupe. Kitako kiwe kinene na kilicho bapa. Chupa nyingi za mvinyo zina kitako kilichobonyea ndani kama kofia, na hizo zinamsumbua anayeanza. Usitumie kamwe kioo cha dirisha la pembeni la gari wala glasi za chai zisizovunjika kirahisi. Vioo hivyo vimepashwa moto na kupozwa ghafla ili uso ubaki umebanwa na ndani mkabaki mmevutwa, na ukivunja mizani hiyo mahali pamoja, kipande chote hugeuka punje.

Baadaye, ukitaka kioo kinene kisicho na mbonyeo, nenda kwa mafundi wa vioo. Nilipokwenda mara ya kwanza, mzee mmoja mwenye karakana alinipokea kwa mashaka. "Shikamoo mzee, naomba mabaki ya kioo cha milimita kumi." "Marahaba. Mabaki ya nini, mwanangu? Hayo hayaingii hata kwenye fremu ya picha." Nilitoa mfukoni kichwa cha mshale cha kijani nikampa. Alikigeuza juani, akapitisha ukucha juu ya makovu, kisha akamwita kijana wake alete ndoo nzima.

Kutoa kitako na kujenga ukingo

Tia chupa ndani ya salfeti, ilaze, na uigonge ubavuni kwa nyundo, vidole vitatu juu ya kitako. Toa kitako kwa glavu nene. Kuta zilizobaki zimegwe kidogo kidogo kwa plaizi hadi zibaki nusu sentimita hivi. Sasa una sahani ndogo yenye ukuta mfupi kuizunguka, na kazi ya kwanza ni kuugeuza ukuta huo kuwa ukingo.

Anza kwa kusugua. Pitisha jiwe la grinda lililolowa juu ya makali yote mpaka yapoteze ukali na kuwa na mkwaruzo kama wa msasa. Wanaoanza huona jambo hili ni kinyume cha akili: tunatafuta makali, mbona tunayaua? Makali membamba hayawezi kubeba nguvu. Ukiyasukuma yanasagika, na nguvu yote inaishia hapo. Ukingo uliosuguliwa unaibeba nguvu na kuipeleka ndani ya kioo. Nimewafundisha vijana kadhaa wa mtaani kwetu, na kosa lao kubwa halikuwa udhaifu wa mikono, lilikuwa ni kuiruka hatua hii kwa haraka ya kuona kibanzi kikitoka. Sugua kabla ya kila mzunguko, na kadiri kibanzi unachotaka kilivyo kirefu, ndivyo usugue zaidi.

Jambo la pili ni pembe. Kibanzi hakitoki vizuri pale nyuso mbili zinapokutana kwa nyuzi 90 au zaidi. Pembe ya nyuzi 60 hadi 75 ndiyo inayotii. Jambo la tatu ni mahali pa kuegemeza ncha, ambapo nitapaita egemeo. Fikiria mstari unaopita katikati ya unene wa kioo. Egemeo lazima liwe chini ya mstari huo, karibu na uso utakaotoa kibanzi. Likiwa juu ya mstari, ama hakitoki kitu, ama kipande kizima kinavunjika.

Sasa shika kazi. Weka ngozi kwenye kiganja cha kushoto, laza kitako juu yake, na ukibane kwa ncha za vidole ili ukingo utokeze upande wa kidole gumba. Egemeza mgongo wa mkono wa kushoto ndani ya paja la kushoto. Kibanduzi kiwe mkono wa kulia, na mkono huo nao uguse paja la kulia. Tia ncha kwenye egemeo, kisha sukuma kuelekea ndani ya kioo, kwenye njia unayotaka kibanzi kipite, ukiongeza nguvu polepole kwa kubana mapaja wala si kwa kukaza bega. Unapohisi ncha imekamata barabara, elekeza shinikizo chini kidogo kwa kifundo cha mkono. Utasikia mlio mwembamba, kama kijiti cha kiberiti kikivunjwa, na kibanzi kitabaki chini, juu ya ngozi. Kipukute kwenye turubai mara moja. Usikiondoe kwa kidole, na usipulize kwa mdomo ukiwa umeinamia kazi.

Geuza kitako. Kovu ulilotengeneza sasa ndilo egemeo la kibanzi kinachofuata upande wa pili. Endelea hivyo, huku na huku, ukizunguka mpaka ukuta wote uishe na ukingo uwe umekaa katikati ya unene, wenye kupindapinda kama njia ya nyoka. Mzunguko huu wa kwanza unaweza kula mchana mzima. Ncha ya shaba itafutuka kila baada ya vibanzi vichache. Inoe kwa tupa bila uvivu.

Kupunguza unene

Hapa ndipo kazi ilipo tamu. Kitako kina mgongo upande mmoja na mbonyeo upande wa pili, pengine na herufi za kiwanda, na vyote lazima viondolewe kwa vibanzi virefu vinavyofika katikati. Nguvu ndani ya kioo hufuata tuta kama maji yanavyofuata mfereji. Kati ya makovu mawili yanayopakana daima kuna tuta. Weka egemeo lako sawasawa nyuma ya tuta hilo, na kibanzi kitaliparamia na kwenda mbali. Ukiliweka nyuma ya bonde, kibanzi kitatanuka na kufa mapema. Kwa vibanzi virefu, sukuma zaidi kuelekea ndani na kidogo tu kuelekea chini.

Upande wa mbonyeo hauna mgongo wa kukiongoza kibanzi, kwa hiyo uchonge kwa vibanzi vifupi ukielekea ndani, mzunguko baada ya mzunguko, huku upana wa kipande ukipungua. Kubali kwamba kitako cha sentimita 6 kitatoa zana ya sentimita 4. Herufi za kiwanda zikitoweka chini ya kovu la mwisho, hapo umeimaliza kazi ya uso huo.

Makosa yatakuja, na kila kosa lina chanzo chake. Ukingo ukisagika na kuwa unga, hukusugua vya kutosha au ncha yako imefutuka. Kibanzi kikikatika ghafla na kuacha ngazi, ulilegeza shinikizo njiani au ulielekeza chini mapema mno. Usirudie kusukuma mahali palepale, maana ngazi zitarundikana na kuwa kilima kisichobomoka. Kijie kilima hicho kutoka ukingo wa pili, kwa egemeo lililosuguliwa sana. Kipande kikivunjika vipande viwili, mara nyingi ni vidole vya kushoto vilivyokikunja; usikibane sana, na ukilaze chote juu ya ngozi.

Umbo likikaribia, lichore kwa kalamu ya kuandikia kwenye sidii, kisha lifuate kwa vibanzi vidogo. Mapengo mawili ya pembeni ya kufungia kamba hutengenezwa kwa msumari uliopigwa bapa, kwa kubandua upande huu na ule mara kwa mara hadi kina cha milimita 3 au 4. Mapengo yaache mwisho kabisa, kwa kuwa ndipo vipande vingi vizuri huvunjikia.

Ukipata jiwe lenyewe

Obsidiani itakutii kama chupa, isipokuwa inaweza kuwa na tabaka za mapovu zinazozuia nguvu. Usiiokote ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Kenya, hata ukiiona imemwagika njiani. Hifadhini jiwe haliondolewi. Gumegume ni gumu zaidi na linataka pigo: gogo la mpingo lipite ukingoni kwa mkono uliolegea, kana kwamba unakwangua, baada ya kusugua ukingo kwa nguvu. Makali yake hayafikii wembamba wa obsidiani, lakini yanadumu, na wachongaji wa Misri ya kale waliweza kuzifanya nyuso zake zikunjamane kwa mistari sambamba kama mchanga wa pwani maji yakitoka. Kisu cha Gebel el-Arak kilichoko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, chenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, ni ubapa wa gumegume wa namna hiyo kwenye mpini wa jino la kiboko lililonakshiwa.

Kwatzi, ambayo ndiyo iliyotumika zaidi nchini mwetu katika Zama za Mawe za Mwisho, hupatikana kirahisi kwa wauza vijiwe vyeupe vya bustani. Haichongwi kwa kibanduzi. Simamisha kijiwe juu ya jiwe bapa, kishike kwa koleo, na ukipige juu yake wima; nguvu huingia kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, nacho hupasuka kama nazi. Chagua vipande vyenye makali.

Anayependa sanaa kuliko zana anaweza kung'arisha. Wakazi wa Çatalhöyük, Uturuki, walisugua obsidiani ikawa vioo vya kujitazamia miaka 8,000 hivi iliyopita. Kwako inatosha msasa wa maji wanaotumia wapaka rangi za magari: anza na namba 120, kisha 220, 400, 800 na 1500, juu ya kipande bapa cha marumaru, maji yakitiririka muda wote. Usihamie namba inayofuata mpaka mikwaruzo ya iliyotangulia iishe yote. Malizia kwa ngozi na poda ya kung'arishia. Kidani cha kijani kilichong'arishwa uso mmoja na kuachiwa makovu upande wa pili hupendeza sana.

Baada ya kazi

Chora mwaka na herufi za jina lako kwenye kila kipande kwa kalamu ya kukatia kioo, hata kama unampa rafiki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kipande kisicho na alama kinaweza kumchanganya mtafiti au kumwingiza aliyenacho kwenye maswali. Kwa sababu hiyo hiyo usichonge kwenye magofu ya Kunduchi wala mahali popote pa kale, na usiokote zana utakazoziona huko. Mahali ilipolala zana ni nusu ya maelezo yake.

Kunja turubai kwa pembe nne, mimina vibanzi kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko, na uandike juu yake neno KIOO kwa herufi kubwa ili mzoa taka asiingize mkono. Ukiamua kufukia, chimba shimo la kwenda magotini pasipolimwa, na utupe ndani yake sarafu ya mwaka huu kabla ya kufunika udongo, ili atakayechimba hapo siku za mbele ajue vibanzi hivyo ni vya lini.